Albamu ya familia ndani ya ordinatere: foto bila jina haina mwenyewe

Mutu akikimbia vita, anabeba kwanza watoto. Kisha godoro, sufuria, bidoni ya maji, na kama kuko mbuzi, anavuta mbuzi. Albamu ya foto inabaki ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Siku familia inarudi, mulango umevunjwa, mabati yameondolewa, na foto ya arusi ya baba na mama iko inje kwenye matope, mvua imekula sura. Mambo haya yamefikia nyumba nyingi ku Kitshanga, ku Sake, ku Nyabiondo, ku Pinga na ku Walikale-senta. Mabati yananunuliwa tena, hata kama ni kidogo kidogo. Sura ya bibi mwenye alikufa zamani hainunuliwi fasi yoyote.

Juu ya ile, leo tunazungumuza kazi moja yenye familia ya kresere inaweza kufanya yenyewe, bila kungojea shirika: kutengeneza albamu ya familia ndani ya ordinatere. Hatusemi kujaza foto ndani ya telefone tu, hiyo kila mutu anafanya. Tunasema kuchagua foto, kuandika majina chini, kuandika hadisi yake, kuweka sauti ya wazee, na kutia kopi fasi mbalimbali kusudi moto, mvua ao bunduki visimalize yote siku moja.

Wengine watasema: ordinatere ni ya watu wa Goma. Haiko tena vile. Kwenye senta nyingi kuko nyumba ya sekretaria, ile yenye inapiga mashini na kutoa fotokopi, na pano ya jua iko juu ya bati. Kuko pia mutoto wa jirani mwenye alisoma enformatike na alirudi na ordinatere ya okazioni. Mashini moja inaweza kutumikia familia kumi, kama watu wanapatana siku na saa.

Historia ya migodi iko ndani ya masanduku yetu

Tuangalie kwanza kitu gani kiko ndani ya masanduku hayo. Wazee wenye walifanya kazi ku SOMINKI, kampuni yenye ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini ya Kivu na Maniema, wengine walibakia na karte ya kazi yenye foto ndogo, ao foto moja ya timu nzima mbele ya ofisi. Mwezi wa kumi 1985 bei ya kasiterite ilianguka duniani kote, na kampuni ikaanza kukonda. Mushahara ukaisha, karte ikabaki.

Kisha ikakuja zamani ya watoto wao. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda gafula, na vijana wengi wa Masisi wakaacha jembe na ng'ombe, wakachukua pau na beleshi. Ku Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, habari ya kasiterite ya Bisie ilienea, na watu wakaingia poro kutoka kila upande. Wabebaji walikuwa wanatoka Bisie mpaka Ndjingala kwa miguu, mufuko mugongoni, ndani ya matope na mizizi. Ku Kilambo ndege ndogo zilikuwa zinashuka kwenye barabara ya kodro, zinapakia mawe na kuyapeleka Goma. Ukimwambia kijana wa leo asiyeona, anafikiri unamudanganya.

Mambo hayo yote yameandikwa fasi gani? Ripoti za ONU zinaandika tani na bei. Makampuni yanaandika kilo. Jina la mutu mwenye alibeba mufuko, na jina la mama mwenye alimupikia fufu ku kando ya njia, haimo. Hayo yako ndani ya sanduku chini ya kitanda na ndani ya kichwa cha wazee, na fasi hizo mbili hazikai milele. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuko wenye walitutangulia kwa kazi hii. Ku Lubumbashi, tangu mwaka 2000, wanahistoria wa universite walianza kazi yenye inaitwa «Mémoires de Lubumbashi». Waliingia ndani ya nyumba za watu wenye walitumika Union Minière na Gécamines, wakasikiliza hadisi za maisha, wakaomba kuona foto na vyombo vya nyumbani, na kisha wakavionyesha ku Musée ya muji. Mwana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, alichukua foto za zamani za watumishi wa migodi, akazibandika ndani ya ordinatere juu ya foto mpya za usini zenye zimekufa. Kazi hiyo, yenye aliita «Mémoire», ilimufanya ajulikane inje ya Kongo. Alianza na kitu chenye kila familia ya migodi iko nacho: foto ya muzee kazini.

Na hapa kwetu, ku Walikale, mfano ni wa zamani zaidi. Mwaka 1956 muzee mumoja Munyanga, Shé-Kárisi Rureke, aliimba na kusimulia hadisi ya Mwindo kwa siku 12, na watu wakaandika neno kwa neno. Kahombo Mateene, yeye mwenyewe Munyanga, alitumika pamoja na Daniel Biebuyck, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Leo hadisi ya Mwindo inasomwa ndani ya masomo makubwa ya Marekani. Kama hakuna mutu mwenye alikaa na karatasi siku zile 12, yote ile ingefukiwa na muzee. Leo telefone yenye iko mufukoni mwako inaweza kushika sauti ya bibi yako saa nzima, na hautumie hata karatasi moja.

Jina la shimo na jina la nyumbani

Juu ya nini tunakaza sana juu ya majina? Kila kresere anajua. Ku shimo mutu anapewa jina lingine. Wanamwita kwa jina la muchezaji wa mupira, kwa jina la muji wake, kwa jina la kabati lenye alinunua siku alipopata bahati. Wenzake wanaweza kukaa naye miaka tatu kwenye shimo moja, wanakula sahani moja, na hawajui jina lenye baba yake alimupa.

Siku udongo unaporomoka, na ku Rubaya wakati wa mvua udongo unaporomoka, kazi ya kwanza ni kuvuta watu. Kazi ya pili ni kujua ni nani. PDG wa shimo iko na lisiti ya majina ya shimo. Bibi wa marehemu, mwenye iko Ngungu ao Hombo, anatafuta jina la nyumbani. Majina hayo mawili hayakutani, na mutu anazikwa bila familia kujua. Foto moja yenye majina yote mawili yameandikwa chini, pamoja na jina la shimo, jina la PDG na mwaka, ingefungua njia.

Vilevile kwa watoto. Kisha mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto wengi sana walipotezana na wazazi kwenye njia za kuja upande wetu. Mashirika ya kimataifa, pamoja na Musalaba Mwekundu na UNICEF, yalipiga foto watoto kwa maelfu, na foto hizo zikabandikwa kwenye mbao kusudi wazazi wapite na kuangalia sura mumoja mumoja. Mutoto wa miaka tatu anajua kusema «mama». Hajui jina lote la mama, hajui grupema, hajui teritware. Sura yake njo ilikuwa karte yake. Hata leo Musalaba Mwekundu unasaidia watu wenye walipotezana, na maswali yake yanaanza vile: jina lote, jina la baba, jina la mama, mwaka na fasi ya kuzaliwa, mulionana mara ya mwisho wapi. Familia yenye iko na albamu iliyoandikwa vizuri inajibu maswali hayo kwa dakika tano.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa albamu yako usiwe foto yenye kupendeza zaidi. Uwe wa watu wa nyumba: kila mumoja foto yake ya uso, ya karibuni, na chini yake jina lote, jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la shimo kama iko nalo, mwaka na fasi ya kuzaliwa, majina ya wazazi. Foto za watoto zigeuzwe kila mwaka. Mutoto wa miaka mbili na mutoto wa miaka tano hawafanane.

Tuanze kazi

Kazi ya kwanza ni kukusanya. Mutu mumoja wa familia, mara nyingi kijana mwenye anapenda mashini, apite kwa wajomba, kwa mashangazi, kwa bibi, aombe foto za zamani kwa siku moja tu na azirudishe siku ileile. Hapo njo watu watamupa. Mutu mwenye aliwahi kuazima foto na hakuirudisha ameharibia wote.

Kazi ya pili ni kuingiza foto za karatasi ndani ya mashini. Kama sekretaria iko na skana, ni vizuri zaidi. Kama haiko, telefone inatosha. Weka foto chini, kwenye kitambaa cheusi, karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja. Zima flashi ya telefone, juu inaacha doa nyeupe. Shika telefone sawasawa juu ya foto, isiinamie upande. Piga tatu, chagua moja yenye iko wazi. Piga pia mugongo wa foto: mara nyingi wazee waliandika hapo jina, tarehe, ao jina la studio. Foto yenye imeshikamana na kioo ao na plastike ya albamu, usiivute. Piga vile iko. Walikale ni muji wa poro na unyevu, na foto yenye imelowa ikivutwa, sura inabaki ku kioo.

Kazi ya tatu ni kutia jina kwa kila fishie. Telefone inaita foto kwa namba tu, na kisha mwezi haujui tena ni nini. Anza na mwaka, kisha fasi, kisha jambo: 1987 Mweso arusi ya babu. Ordinatere itazipanga yenyewe kwa kufuata miaka. Kama haujui mwaka, usitunge. Uliza wazee kwa njia ya mambo yenye kila mutu anakumbuka. Ilikuwa mbele ao kisha vita ya Masisi ya mwaka 1993? Mbele ao kisha wakimbizi kuingia Goma mwaka 1994? Inchi ilikuwa bado Zaire, ao ilikuwa imegeuka Kongo, mwaka 1997? Tulikuwa tunalipa na noti za zaire, ao franga ilikuwa imekuja, mwaka 1998? Nyiragongo ilikuwa imeunguza Goma, mwezi wa kwanza 2002? Migodi ilikuwa imefungwa na Serikali, kati ya mwezi wa kenda 2010 na mwezi wa tatu 2011? Kwa njia hiyo bibi mwenye hakusoma hata darasa moja atakupa mwaka sawasawa. Kama bado kuko mashaka, andika «karibu na 1996», na ni sawa.

Kazi ya ine ni kupanga kurasa. Haiombi programu ya feza. LibreOffice ni ya bure, na mashini nyingi za okazioni zinakuja na PowerPoint. Fungua ukurasa, weka foto moja ao mbili, zisipite tatu, acha fasi ya kuandika. Maua na rangi nyingi havisaidie. Chini ya foto jibu maswali matano: ni nani, kutoka kushoto kwenda kuume; ni wapi; ni lini; nani alipiga foto; nani ametupa hadisi hii. Kisha andika mistari michache kwa luga yenye munazungumuza nyumbani. Tuchukue mfano wa kijana amesimama kando ya mufuko. Mutu anaweza kuandika vile:

«Huyu ni kaka wa mama, ku Kilambo, mbele ya migodi kufungwa mwaka 2010. Mufuko ni wa kilo 50. Alitoka nao Bisie kwa miguu, akalala njiani. Feza ya safari hiyo njo ililipa mwaka wa mwisho wa mama ku masomo. Hadisi hii tumepewa na mama.»

Mistari mitano tu. Lakini mujukuu mwenye atasoma atajua diplome ya bibi yake ilitoka wapi. Ukimaliza, hifazi kazi mara mbili: fishie yenye unaweza kugeuza tena, na PDF yenye inafunguka kwenye telefone yoyote.

Kazi ya tano ni sauti. Mupe muzee foto mukononi, fungua telefone kwenye kurekodi, na umuache azungumuze: kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kinyanga, kwa Kitembo, kwa Kikumu, luga yenye anaota nayo. Usimukatize. Anza kwa kusema tarehe na jina lake. Dakika kumi zinatosha kwa siku. Fishie ya sauti ipewe jina sawa na foto, kusudi zitembee pamoja.

Kopi tatu, fasi tatu

Albamu yenye iko ndani ya mashini moja tu haina tofauti na ile ya chini ya kitanda. Mashini inaibiwa, inaanguka, inakufa na kura mbaya. Weka kopi tatu. Moja ndani ya ordinatere. Ya pili kwenye fulashi ao karte memwari, imefungwa ndani ya plastike, ikae pamoja na vitu vyenye mama anabeba kwanza wakati wa kukimbia. Ya tatu iende mbali: kwa ndugu wa Bukavu, wa Butembo, wa Kisangani, wa Kampala, ao kwenye intaneti kama reseau inapatikana. Ndugu wa mbali njo muhimu zaidi, juu vita yenye inafika kwako haifiki kwake siku ileile.

Haiombi fasi kubwa. Foto ya telefone ya kawaida ni karibu mega 3. Karte ya giga 32 inabeba karibu foto 10 000, na albamu ya familia haipite mia mbili ao tatu. Lakini angalia karte za uongo zenye zinauzwa soko: juu wameandika giga 128, ndani ni giga 8. Zikijaa zinafuta za zamani bila kusema neno. Mbele ya kuiamini, jaza karte na vidio, kisha fungua zote, uone kama zinacheza mpaka mwisho.

Ukituma foto kwa WhatsApp, itume kama dokima, usitume kama foto. WhatsApp inapunguza foto, na sura yenye ilikuwa wazi inakuwa ukungu. Na mara moja kwa mwaka, kwa mfano Noeli, ingiza fulashi na uangalie kama bado inafunguka. Fulashi yenye imekaa miaka bila kuguswa inaweza kukufa kimya.

Kwenye bariere, telefone inasomwa

Hapa tunaomba wazazi wasome pole pole. Ku Masisi na ku Walikale mutu anapita kwenye bariere nyingi, na fasi moja inaweza kugeuza bwana mara mbili kwa mwaka. Rubaya ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa ine 2024. Walikale-senta ilichukuliwa mwezi wa tatu 2025, na wakatoka mwezi wa ine. Mwenye kushika bunduki akiomba telefone, anafungua kwanza foto. Mujomba mwenye avaa tenu, rafiki mwenye aliegama silaha kwa mchezo, kundi la vijana kwenye mazishi ya mutu fulani: foto kama hizo zinaweza kuletea mutu mwengine kifo, hata kama ni za miaka kumi.

Kwa hiyo fanya albamu mbili. Ile ya kutembea nayo iko na uso wa watu wa nyumba, majina, arusi, ubatizo, masomo. Ile nzima, yenye historia yote, ikae kwa ndugu wa mbali, na kodi ya siri yenye watu wawili wanajua. Usibebe zote mbili njiani. Ukifuta foto kwenye telefone, kumbuka inabaki bado ndani ya kikapu cha takataka. Ingia humo na uifute mara ya pili. Zima pia lokalizasio kwenye kamera, juu foto inaweza kuandika ndani yake fasi yenye ilipigwa, na mutu mwenye anajua mashini anaweza kusoma nyumba yako ao shimo lako iko wapi.

Na usitie albamu ya familia kwenye Facebook. Albamu ni ya watu wa nyumba. Sura za watoto na majina ya wazazi wao pamoja ni kitu cha kulinda.

Karatasi pia ni kumbukumbu

Wakati mashini iko wazi, ingiza pia karatasi. Akte ya kuzaliwa, akte ya ndoa, bilete za masomo, diplome, karatasi ya kununua shamba, karte ya kresere. Karte ya kresere inageuzwa kila mwaka. Usitupe ya zamani, ipige foto, juu inaonyesha mwaka gani mutu alikuwa wapi. Karte ya elektere ya mwaka 2023, wengi wameona maandishi na sura vinafutika vyenyewe. Yenye bado inasomeka, piga foto leo, mbele na nyuma.

Tuseme wazi: foto ya karatasi haishiki fasi ya karatasi yenyewe mbele ya tribinali. Lakini inabeba namba, tarehe, sinyature na jina la ofisi. Mutu mwenye iko na namba anaweza kuomba kopi. Mwenye hana kitu anaanza na mashahidi, na mashahidi wengine wamekufa ao wametawanyika. Tukumbushe pia kwamba sheria inapatia wazazi siku 90 za kuandikisha mutoto kwenye eta sivile bure. Zikipita, inaomba kupita kwa tribinali. Albamu yako ikiandika siku ya kuzaliwa, fasi, na jina la mama mukunga, hata njia hiyo inakuwa fupi.

Usikate mutu

Kuko jambo moja la mwisho, na njo gumu zaidi. Wakati familia inakaa pamoja kuchagua foto, maneno yanaamuka. Huyu bibi wa pili awekwe ao hapana? Huyu mutoto mwenye alizaliwa inje? Huyu kaka mwenye aliingia poro na hatukumuona tena? Na kuko nyumba nyingi za Masisi zenye baba ni wa kabila moja na mama wa lingine, na kisha vita ya 1993 wengine waliondoa foto za upande mumoja ukutani, kwa uoga ao kwa hasira.

Shauri letu ni hili: ndani ya albamu nzima, usikate mutu. Foto yenye imekatwa na makasi inazungumuza zaidi kuliko yenye iko nzima, na watoto wanauliza ule mukono kwenye bega la bibi ni wa nani. Weka wote, andika majina yao kwa heshima, na usihukumu chini ya foto. Kwa mujane mwenye hataki bado kuona sura ya bwana yake, tia foto hiyo ndani ya dosie yake peke yake, na umungojee. Kwa muzee mwenye hapendi kurekodiwa, mukubalie. Iko na haki.

Mukifanya vile, mutaona kitu. Ndani ya albamu moja kuko arusi zenye zilivuka kabila, kuko rafiki wa SOMINKI wenye walitoka Bukavu na Maniema, kuko jirani mwenye alificha watoto wa wengine. Watoto wetu wamesikia sana hadisi za nani alimuua nani. Hizi zingine pia zilifanyika, na foto ni ushahidi.

Haiombi kungojea wakati wa amani kamili. Jumapili yenye inakuja, kisha misa ao kulte, chukua foto moja tu, ya mutu mwenye haiko tena. Ipige na telefone karibu na dirisha. Uliza mukubwa mwenye iko nyumbani majina yake yote, yaandike, na utume kopi kwa ndugu wa mbali kabla ya jioni. Jumapili ya pili, ongeza ingine.